Kilatini Chako Kimefika Bladensburg

Baba yangu mpendwa,

Ungekuwa hai ningekupigia simu nikuharibie usingizi, maana habari hii haifichiki. Kwa kuwa huko uliko simu haiingii, nakuandikia, na barua naiacha wazi ili wajukuu zako nao waisome. Deo anaoa, Baba! Deogratias wako, yule uliyempa jina kabla hata hujamwona sura, ameposa na posa imekubaliwa. Nusura tuiharibu sisi wazazi wake. Kilichotuokoa ni kile Kilatini chako ambacho mama alikuwa akisema hakijawahi kuleta hata kilo ya sukari ndani ya nyumba.

Naikumbuka karakana yako pale Songea, nyuma ya nyumba, na maranda yaliyotujaa kwenye nywele. Mtaa mzima ulijua kwamba ulikwenda seminari ukiwa kijana, ukamwona mama, upadri ukaishia hapo. Ukawa seremala. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kushikilia ubao upande wa pili wakati wewe unapiga randa, na malipo yetu yalikuwa ni maneno. Unagonga meza mpya kwa kiganja: "Mensa!" Nasi tunaitikia, "Mensa!" Kisha unaendelea, "Wareno wakaiita mesa, wakaja nayo Pwani, sisi tukaiita meza. Kwa hiyo hiki ninachotengeneza ni Kilatini chenye miguu minne." Unacheka peke yako mpaka machozi yanakutoka, na mama kule jikoni anasema, "Haya, kameanza hako."

Ulituambia maneno yana ukoo kama watu. Kilatini ni bibi kizee aliyekwisha kufa, akaacha mabinti: Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kiitaliano na wengineo. Nikakuuliza, na Kiingereza je? Ukaweka randa chini. "Huyo ni mtoto wa jirani," ukasema. "Alikuja kucheza, akakuta watu wanakula, akanawa. Mpaka leo hajaondoka." Nilikuwa mdogo lakini picha hiyo haijanitoka kichwani.

Basi Baba, sikujua kama nitakuja kuishi mtaa mmoja na mabinti hao. Unajua kwamba tuko huku Germantown, Maryland, mimi na Baba Deo, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nusu ya wenzangu kazini wametoka El Salvador, wanakosema Kihispania. Siku za mwanzo tulikuwa tunaonyeshana vidole tu kama mabubu. Siku moja wakati wa chakula mmoja wao akaniomba leche huku akinyoosha mkono kwenye maziwa. Leche! Nikasikia sauti yako: lac, lactis, maziwa. Nikageuza boksi nikakuta Waingereza nao wameandika lactose. Bibi, binti na mtoto wa jirani, wote kwenye boksi moja la maziwa!

Kuanzia hapo sikukamatika. Nikagundua kwamba pale bibi aliposema ct, binti mara nyingi anasema ch. Noctem ikawa noche, usiku, na mtoto wa jirani akachukua nocturnal. Octo ikawa ocho, nane, na jirani akaiweka kwenye Oktoba, ambao zamani ulikuwa mwezi wa nane huko Roma kabla hawajapanga kalenda upya. Wiki nyingine nilikuwa dukani nimeshika mfuko wa unga ulioandikwa harina, nikatazama, nikatazama tena, nikapiga kelele, "Farina!" Kumbe f ya bibi kinywani mwa binti imepotea, ikabaki h isiyotamkwa. Furnus, tanuri, ikawa horno, na jirani ana furnace. Filius, mwana, akawa hijo. Baba Deo alisukuma toroli akaenda zake upande wa sabuni, akajifanya hanijui.

Na maneno yetu pia niliyahesabu upya. Mvinyo na vino na wine wamekunywa chombo kimoja, vinum. Shule tulipewa na Wajerumani, nao waliitoa kwa bibi, schola, ndiyo escuela ya wenzangu na school ya Waingereza. Halafu kuna gereza, ambalo kwa Wareno lilikuwa igreja, kanisa, dada yake iglesia, wote watoto wa ecclesia. Wenzangu kazini walipolisikia hilo walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Hata jina langu, Gaudensia, ambalo shuleni nililionea aibu, limenipa heshima. Nimewaambia linatokana na gaudium, furaha, na wao wana gozo, na Waingereza wana joy. Sasa wananiita Gozo, na naitika.

Ndiyo hivyo nilivyopata Kihispania, Baba. Sikukisomea. Nilikirithi.

Sasa nije kwa Deo. Mpenzi wake anaitwa Yesenia, mwalimu wa chekechea, msichana mchangamfu mwenye kicheko cha kuvunja vyombo. Anaishi Bladensburg na bibi yake aliyemlea, na wote humwita bibi huyo niña Lidia. Kwao mwanamke mzima unamheshimu kwa kumwita niña, yaani binti, na mimi nilipenda sana. Yesenia alimwambia Deo mapema, bila kumung'unya, kwamba bila baraka ya bibi haolewi. Sababu ilijulikana. Baba yake Yesenia hakuja hata siku moja kumwomba bibi huyo binti yake. Alipita tu, akaacha mimba, akapotea. Niña Lidia aliapa kwamba kwa mjukuu mambo hayo hayatajirudia.

Tukajipanga kama kwetu. Kitenge kipya, kreti ya soda, na mshenga. Mshenga wetu alikuwa Papa Ilunga, jirani yetu Mkongomani, mtu wa watu, shingo imebeba tai kila siku ya Mungu. Baba Deo alimchagua kwa sababu anajua Kifaransa. "Mama Deo, musiogope," Papa Ilunga akaniambia. "Kifaransa na Kihispania, ile ni ndugu. Tutasikilizana tu." Nikakumbuka mabinti wa bibi kizee, nikaona hesabu imetimia.

Deo ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Unamjua, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu Kiingereza. "Mama, are you sure? Bibi yake will ask for me," akasema. Baba Deo akamkata kauli, "Tangu lini kijana akajiposea mwenyewe? Unataka waseme hukulelewa? Wewe nenda kazini, wazee tutasema." Nami nilimuunga mkono mume wangu, maana ndivyo ilivyo kwetu. Hata wazee wa Baba Deo walipokuja kwako kuniposa, yeye alibaki kwa shangazi yake anakula karanga, na wewe ulimsifu kwa hilo. Deo akaenda zake Sterling, Virginia, kwenye majengo yale ya kompyuta anakofanya kazi, ng'ambo kabisa ya jiji. Jumamosi hiyo sisi tukaelekea Bladensburg.

Niña Lidia alitupokea mlangoni amevaa gauni la buluu na hereni. Ni mdogo wa umbo, Baba, lakini macho yake yanapima kama futi yako ya kukunja. Papa Ilunga aliomba msichana akae ndani, maana haipendezi mwenye kuposwa akawa mkalimani wa posa yake. Yesenia akashangaa, akaingia jikoni. Mshenga akasimama, akarekebisha tai, akaanza kwa Kifaransa cha taratibu kabisa kwamba tumepita nje tukaona ua zuri ndani ya nyumba hii, tukaja kuliomba. Fleur, akasema. Niña Lidia aliposikia hivyo alitabasamu, akasema flor, akainuka, akachukua mkasi, akaenda dirishani kwenye makopo yake ya maua, akaanza kutukatia. Neno lilikuwa limefika, maana ikabaki njiani. Papa Ilunga alipokea maua kwa mikono miwili.

Ndipo bibi akatazama mlango, akatutazama sisi, akauliza, "¿Y el muchacho?" Kijana yuko wapi?

Mume wangu alitoa kifua mbele, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa analisubiri ili asifiwe. Nikajibu mimi, "En el trabajo." Yuko kazini. Baba, niliuona uso wa bibi ukijifunga kama dirisha wakati wa mvua. Akasema polepole ili nimwelewe kila neno, kwamba baba yake Yesenia naye siku zote alikuwa kazini. Akaweka mkasi mezani. Akachukua kitambaa, akaanza kufunika chakula alichokiandaa. Jikoni kicheko cha Yesenia, kilichokuwa kinasikika tangu tuingie, kikanyamaza.

Papa Ilunga akaninong'oneza, "Mama, sasa mutoto eko wapi? Atatuua huyu." Nikatoka kibarazani nikampigia Deo. "Toka kazini sasa hivi, njoo Bladensburg!" Akanijibu, "I told you, Mama!" nami nikamwambia hayo tutayazungumza siku nyingine, washa gari. Ukijua barabara za huku Jumamosi, utajua kwamba nilikuwa nimeomba muujiza. Kazi ikabaki moja: kumzuia mwanamke huyu asitutoe nje kabla kijana hajafika, na lugha niliyonayo ni ya maboksi ya maziwa na mifuko ya unga.

Niliporudi ndani nikakuta bibi ameingia jikoni, nikamfuata. Sikuwa na mpango, Baba. Nilinawa tu, nikasimama kando ya sinia la donge la mahindi ambalo walikuwa wanalifinyanga kuwa pupusa, ile mikate yao ya kubandika yenye jibini ndani, nikachota, nikaanza kufinyanga. Nikanyoosha kiganja, nikasema, "Mano." Halafu, "Latín, manus. Mi papá." Akanitazama kama mwenye wazimu. Nikaonyesha jiko, fuego, focus. Tanuri, horno, furnus. Kulikuwa na mkate wao mtamu mezani, nikaonyesha, pan, panis. Nikamwambia kwa maneno niliyoyaokota huku na kule kwamba baba yangu alikuwa carpintero, seremala, na alisomea upadri, na maneno haya alitufundisha akipiga mbao. Yesenia alikuwa ameegemea friji, amejizuia kutafsiri kama tulivyomwomba, midomo inamchezacheza.

Kisha likanitoka lile neno la sala ya asubuhi na jioni, ulilokuwa unaanza wewe na sisi tunamalizia. "Panem nostrum quotidianum," nikasema. Niña Lidia akaacha kufinyanga. "El pan nuestro de cada día," akamalizia. Mkate wetu wa kila siku. Tukatazamana. Alikuwa amesikia misa ya Kilatini utotoni, akaanza kuyakumbuka mengine, akanijaribu, nikamjaribu, tunagongana viganja vyenye unga kama wasichana wa shule. Nikamwambia kwamba cum na panis, kula mkate pamoja, ndivyo vilivyozaa compañero kwao na companion kwa Waingereza. Akacheka. Nilidhani nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Nilipoona amelainika nikamweleza mila yetu. "En mi tierra el novio no habla," nikasema. Kwetu bwana harusi hasemi. Wanasema wazee. Ndiyo respeto, heshima. Aliponielewa alitikisa kichwa, si kwa ukali. "Aquí el que no habla, no quiere," akanijibu. Huku kwetu asiyesema hataki. Na hapo nilielewa kwamba wote wawili tunalinda kitu kilekile. Mimi nilimzuia mwanangu kusema ili aonekane amelelewa. Yeye alimngoja aseme ili ajue hatakimbia. Kilatini hakikuwa na dawa ya hilo. Alikuwa anatakiwa Deo mwenyewe.

Tukarudi sebuleni, tukakaa kumngoja. Bibi akachungulia dirishani, akasema, "Ojalá venga." Nikaruka kitini! Neno hilo halikutoka kwa bibi kizee wa Roma, Baba. Limetoka kwa Waarabu waliokaa Hispania, ni ndugu wa damu wa ile inshallah ya majirani zetu. Natamani aje, Mungu akipenda. Nikamwambia na kwetu tunasema hivyohivyo, naye akanishika mkono, tukachungulia dirisha moja.

Deo aliingia na kitambulisho cha kazini kinaning'inia shingoni, jasho linamtoka, hajui aanzie wapi. Papa Ilunga akasimama kumtambulisha. Deo akamwinamia kwa heshima, kisha akageuka kwetu, akasema maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka sasa mwili unanisisimka. "Baba, Mama, shikamooni. Naomba mniruhusu leo nijisemee mwenyewe." Kwa Kiswahili, Baba! Sentensi nzima, haina hata kipande cha Kiingereza! Mume wangu akamgeukia mshenga. Papa Ilunga akakaa chini. "Sema, mwanangu," Baba Deo akasema.

Ndipo Deo akamsogelea niña Lidia, akapiga goti kama tunavyowasalimia wakubwa, kitu ambacho hakuna aliyemwambia afanye. "¿Qué venís a pedir?" bibi akamuuliza, umekuja kuomba nini. Pedir, petere, nikasema moyoni, petition, nyamaza wewe Gaudensia. Kihispania cha Deo kilikuwa kibovu kuliko changu, lakini alikisema chote, akimtaja Yesenia kwa jina, akisema amekuja yeye na ataendelea kuja. Bibi alimwacha pale chini muda mrefu kidogo, nadhani kwa makusudi. Halafu akamwita Yesenia atoke jikoni, akamuuliza kama anamtaka huyu. Yesenia alicheka kile kicheko chake na kulia papo hapo. Bibi akauchukua mkono wake, akauweka kwenye wa Deo.

Tulikula, Baba, tulikula! Nikapiga vigelegele mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakagonga sakafu, na niña Lidia akawajibu kwa ufagio. Papa Ilunga alikula pupusa kwa kisu na uma, tai imo ndani ya shati. Mume wangu alimwambia kila mtu kwamba mtoto amefanana na upande wake.

Siku hizi niko kama niliyekunywa kahawa bila kikomo. Harusi inakuja, na misa itakuwa ya lugha tatu. Nafurahi hadi naona haya, maana watu kazini wananiuliza kama ni mimi ninayeolewa. Jambo moja tu linanichoma, nalo ni kiti chako. Nilikuwa nakutaka pale jikoni. Ulikaa na Kilatini maisha yako yote ukikisema na watoto na mbao, hukumpata hata mtu mzima mmoja wa kukujibu, na siku alipopatikana wewe haupo. Hilo limenifanya nilie mara kadhaa katikati ya furaha hii, na sioni sababu ya kulificha.

Jumapili iliyopita tulikwenda kusalimia. Niña Lidia alinivuta pembeni kwenye meza yake ndogo ya sala, iliyo na picha za marehemu wake, mumewe, ndugu zake, wale wote anaowataja kwenye rozari kila jioni. Akaniuliza babu yake Deo alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia, Benedicto. Akalitamka sawasawa, bila kuuliza mara mbili. Na tangu siku hiyo, Baba, Bladensburg kuna mwanamke ambaye hukuwahi kumwona anayekuombea kila jioni, na anakuita don Benedicto. Ile don ya heshima imetoka kwa dominus, Bwana, neno ambalo wewe ulilipigia magoti maisha yako yote na hukuwahi kudhani kwamba kuna mtu atakuja kukuita nalo wewe.

Pokea salamu za nyumba zote mbili, na mama, uliye naye huko, naye mwambie habari hii,

Mwanao wa karakana,
Gaudensia, Mama Deo